Kuchagua Kifaa cha Kuchezea Filamu Nyumbani: Mfumo Endeshi Kwanza, Boksi Baadaye

Mtu anayetaka kuweka kando ya runinga yake kifaa cha kuchezea filamu na muziki kwa kawaida huanza kwa kulinganisha maboksi: lipi lina prosesa ya kasi zaidi, lipi lina kumbukumbu kubwa, lipi limeandikwa 4K na lipi limeandikwa 8K. Kwa maoni yangu, huko ni kubisha hodi kwenye nyumba isiyo yenyewe. Swali linalopaswa kutangulia ni la filamu zenyewe: zinatoka wapi? Yuko anayetazama karibu kila kitu kupitia huduma za kulipia kila mwezi kama Netflix, Prime Video na Disney+, na yuko mwenye diski iliyojaa faili zake mwenyewe, yaani video za familia, filamu alizozinakili kutoka kwenye diski zake za Blu-ray, na muziki uliohifadhiwa bila kupunguzwa ubora. Watu hawa wawili hawafaidiki na mfumo endeshi mmoja, na kwa kuwa kila mfumo endeshi una maunzi unayopatana nayo na mengine unayogombana nayo, anayeamua mfumo mapema hujikuta amebakiwa na maboksi mawili au matatu tu ya kuyafikiria.

Kwa wanaotazama huduma za kulipia

Huduma hizi hulinda filamu zao kwa kufuli la kidijitali. Linalotumika kwenye Android na kwenye vivinjari vingi ni Widevine, na mnunuzi atakutana na ngazi zake mbili: L1, ambamo filamu hufunguliwa na kusimbuliwa ndani ya sehemu salama ya chipu yenyewe, na L3, ambamo kazi hiyo hufanywa na programu peke yake. Kifaa cha L3 hakikatazwi kuonyesha filamu. Kinachoshushwa ni ubora. Boksi la Android lenye L3 litaifungua Netflix bila kinyongo, kisha litaonyesha picha isiyofika hata HD juu ya runinga ya 4K, na mwenye boksi atadhani intaneti yake ni dhaifu. Wapenzi wa programu huria huumia zaidi hapa, maana Linux kwenye kompyuta ya kawaida au kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) huishia L3, na hakuna mpangilio wowote ndani yake utakaoleta 4K ya huduma hizo.

Windows ina kufuli lake, PlayReady, na kupitia programu ya Netflix au kivinjari cha Edge inaweza kufika 4K, ilimradi runinga na kebo nazo zikubaliane na HDCP 2.2, ulinzi wa kuzuia picha isinakiliwe njiani. Lakini nani anataka kukaa kwenye kochi na kipanya juu ya goti? Kwa mtazamaji wa kundi hili, vifaa vinavyostahili kulinganishwa ni vile vilivyotengenezwa kwa kazi hii tangu mwanzo: Apple TV 4K yenye tvOS, vifaa vyenye Google TV vilivyoidhinishwa na Google, na Fire TV ya Amazon.

Apple TV 4K ndiyo tulivu kuliko zote. Skrini yake ya mwanzo haijajaa matangazo kama zile za Google TV na Fire TV, programu hufunguka haraka, na umri wake wa kutunzwa ni mrefu: Apple TV HD iliyotoka mwaka 2015 ilikuwa bado inapokea toleo kuu la tvOS mwaka 2024. Toleo la mwaka 2022 linauzwa kwa sura mbili, na hapa inafaa kusoma maandishi madogo ya kwenye kasha, kwa sababu lile la GB 64 halina tundu la kebo ya mtandao. Tundu hilo lipo kwenye lile la GB 128 pekee. Haina pia tundu la USB la kuchomekea diski, kwa hiyo mwenye faili zake lazima azisome kupitia mtandao wa nyumbani kwa programu kama Infuse au VLC. Kasoro yake nyingine haimgusi mtazamaji wa kawaida, bali mwenye amplifaya nzuri: haipitishi sauti ya Dolby TrueHD wala DTS-HD (sauti za ubora wa juu za diski za Blu-ray) ikiwa ghafi, bali huisimbua yenyewe kwanza na kuituma ikiwa imekwisha kufunguliwa, na katika safari hiyo taarifa za Atmos (sauti inayomzunguka msikilizaji hadi juu ya kichwa) zilizobebwa ndani ya TrueHD hupotea.

Kwa upande wa Google TV na Android TV, jina moja limebeba vitu vya tabaka tofauti kabisa. Nvidia Shield, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 2015, imeonyesha jinsi mtengenezaji anavyoweza kukitunza kifaa, kwani ile ya kwanza ilifikishiwa Android 11 mwaka 2022, miaka 7 baadaye. Shield TV Pro ya mwaka 2019 inapitisha sauti ghafi za aina zote nilizozitaja hapo juu, inaonyesha Dolby Vision (mfumo wa picha zenye mwanga na rangi pana zaidi), na ina matundu ya USB ya kuchomekea diski. Udhaifu wake ni wa umri: chipu yake haisimbui AV1 kwa maunzi, na AV1 ndiyo kodeki (namna ya kukandamiza video) ambayo huduma kubwa zinaendelea kuhamia. Fire TV inafanya karibu yote anayohitaji mtazamaji wa huduma za kulipia kwa kijiti kidogo kinachojificha nyuma ya runinga, ila mtu akubali kwamba ukurasa wa mwanzo ni duka kwanza, kisha ndipo uwe orodha ya programu zake.

Sasa yapo yale maboksi yasiyo na jina, yanayoandikwa 8K na namba kubwa za kumbukumbu. Mengi kati yake hayana Android TV kabisa. Yana Android ya simu iliyonyooshwa kuijaza runinga, bila idhini ya Google, bila L1, na programu zake nyingi zinataka mshale wa kipanya ili zitumike. Ubora hafifu si tatizo pekee. Mwaka 2023 watafiti wa usalama walionyesha kwamba baadhi ya maboksi ya namna hii yalikuwa yakitoka kiwandani yakiwa tayari na programu hasidi iliyopewa jina la BADBOX, na mnamo Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo la wazi kuhusu kizazi cha pili cha programu hiyo. Boksi la aina hiyo hukaa ndani ya mtandao wa nyumbani usiku na mchana, likiwa na nenosiri la Wi-Fi na muda wote wa kulitumia. Mimi singeliweka hata la bure.

Kwa wenye faili zao wenyewe

Hapa ndipo uwanja unapopanuka, na ndipo mtu anapoweza kukosea kwa namna nyingi zaidi.

Jambo la kwanza ni kodeki, yaani namna video ilivyokandamizwa. H.264 ya mwaka 2003 bado imo kwenye faili nyingi. HEVC ya mwaka 2013 ndiyo inayotumika kwenye diski za 4K. VP9 na AV1 (hii ya mwisho ilitoka mwaka 2018) zinapatikana zaidi kwenye video za intaneti. Chipu yenye sehemu maalumu ya kusimbua kodeki fulani hucheza filamu ikiwa imepoa, huku prosesa kuu ikipumzika. Isiyo nayo huitwika prosesa mzigo wote, na kwenye video ya 4K prosesa ndogo huzidiwa, picha ikakwama huku sauti ikitangulia. Kwa hiyo kuuliza kama kifaa "kinacheza 4K" hakutoshi. Uliza kinasimbua kodeki gani kwa maunzi, na kwa biti ngapi, kwa sababu filamu za HDR, yaani zenye mwanga na rangi pana zaidi, hutumia HEVC ya biti 10.

Raspberry Pi 4, iliyotoka mwaka 2019, inasimbua HEVC ya 4K kwa fremu 60 kwa sekunde na H.264 ya 1080p, lakini haina msaada wa maunzi kwa VP9 wala AV1. Raspberry Pi 5 ya mwaka 2023 ina jambo linalowashangaza wengi: imebaki na HEVC peke yake, na sehemu ya H.264 iliyokuwemo kwenye Pi 4 imeondolewa. Kwa vitendo hilo halimuumizi mtu, kwa kuwa prosesa ya Pi 5 ina nguvu ya kutosha kuisimbua H.264 ya 1080p yenyewe, lakini ni ukumbusho mzuri kwamba namba kubwa kwenye jina haimaanishi orodha ndefu ya kodeki. Kama lengo ni kucheza faili tu, kuhama kutoka Pi 4 kwenda Pi 5 kunaongeza wepesi wa menyu kuliko kunavyoongeza chochote kwenye picha.

Kompyuta ndogo yenye Intel N100, prosesa iliyotoka mwaka 2023 na iliyopangiwa wati 6 tu, inasimbua vyote vinne: H.264, HEVC ya biti 10, VP9 na AV1. Ina nafasi ya SSD, ina RAM ya kutosha, na ikihitajika inaweza kuwa seva ya nyumba nzima. Ukizitazama karatasi za sifa tu, ingekuwa imeishinda Pi kwa mbali. Kinachoirudisha nyuma ni kitu kidogo ambacho karatasi hizo hazikitaji: rimoti. Kupitia kebo ya HDMI kuna njia ya mawasiliano iitwayo CEC, ambayo huiwezesha rimoti ya runinga kukiendesha kifaa kilichounganishwa. Raspberry Pi inayo. Unaibandika nyuma ya runinga, unashika rimoti ileile uliyoizoea, unabonyeza mshale wa chini, na menyu inashuka. Kompyuta nyingi ndogo hazina CEC, kwa hiyo mwenye N100 atahitaji kipokezi cha USB cha mwanga wa rimoti au rimoti yake ya pekee, na familia itajikuta na rimoti mbili mezani. Jambo hili linaonekana dogo hadi siku mgeni anapoachiwa sebule.

Kundi la tatu ni maboksi yenye chipu za Amlogic, ambazo ndizo zilizomo ndani ya maboksi mengi ya Android. Chipu hizi zilitengenezwa kwa ajili ya runinga, na zikiendeshwa na mfumo unaozijua vizuri hutoa picha nzuri kuliko nguvu zao zinavyoashiria. Baadhi yake, zile zenye leseni, ndizo njia pekee inayoeleweka ya kupata Dolby Vision kutoka kwenye faili zako mwenyewe kwa mfumo wa Linux. Pi na kompyuta za Intel huishia HDR10, aina ya kawaida ya HDR. Kama runinga yako haina Dolby Vision, sentensi hiyo yote haikuhusu.

Na kompyuta ya zamani iliyolala kabatini? Inawezekana, kwa masharti. Intel za kizazi cha 7 na kuendelea zinasimbua HEVC ya biti 10. Kizazi cha 6 kinaishia biti 8, kwa hiyo filamu za HDR zitakipa taabu. Kompyuta nyingi za zama hizo zina HDMI ya toleo la 1.4, ambayo kwenye 4K huonyesha picha 30 tu kwa sekunde. Halafu kuna umeme: kompyuta ya mezani inayokula wati 60 ikiachwa imewashwa mwaka mzima hufikisha takriban uniti 525, ilhali kifaa cha wati 5 kinafikisha 44. Ukiongeza mvumo wa feni katikati ya onyesho la kimya, hicho cha bure kinaanza kuonekana ghali.

Mifumo endeshi ya kuweka ndani yake

Karibu mifumo yote ya kundi hili inajengwa juu ya Kodi, programu huria iliyoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye Xbox ya kwanza kwa jina la XBMC na kubadilishwa jina mwaka 2014. Kwa hiyo sura utakayoiona kwenye runinga inaweza kuwa ileile. Tofauti iko chini yake.

LibreELEC, iliyojitenga na OpenELEC mwaka 2016, ni Linux iliyopunguzwa ikabaki na kile tu kinachohitajika kuiendesha Kodi. Faili za mfumo zimefungwa zisiandikwe, jambo linalomaanisha kwamba hata umeme ukikatika ghafla katikati ya filamu, mfumo wenyewe hauharibiki kirahisi. Toleo jipya hubadilisha mfumo mzima kwa pamoja, na hakuna vifurushi vya kusimamia kimojakimoja. Upungufu wake ni upande wa pili wa sifa hiyohiyo: ukitaka kuweka programu isiyo programu-jalizi ya Kodi, utapigana nayo. Kwa Pi na kwa N100, ndiyo ninayoiweka bila kufikiri mara mbili. Kwa kadi za michoro za Nvidia mambo ni tofauti, kwa kuwa toleo la kawaida la LibreELEC kwa kompyuta limehamia njia mpya ya kutoa picha ambayo ndiyo inayoleta HDR kwenye Intel, na Nvidia zimeachwa kwenye toleo la zamani lisilo na HDR.

CoreELEC ilichipuka kutoka LibreELEC mwaka 2018 kwa ajili ya Amlogic pekee. Uzuri wake ni kwamba inaweza kukaa kwenye kadi ya kumbukumbu bila kuigusa Android iliyomo ndani ya boksi: ukichomoa kadi, boksi linarudi lilivyokuwa. Ugumu wake ni kwamba wakati wa kuiweka lazima uchague faili ya maelezo ya maunzi inayolingana na boksi lako hasa. Ukikosea, huenda Wi-Fi isionekane, au boksi lisiwake kabisa hadi kadi irekebishwe kwenye kompyuta.

OSMC inasimama katikati. Msingi wake ni Debian kamili (Linux ya matumizi yote), kwa hiyo vifurushi vyote vya Debian vinapatikana, huku ukiwasha kifaa unakutana na Kodi iliyopambwa tayari. Anayejua kidogo mstari wa amri na anayetaka kifaa hicho kifanye na kazi nyingine ndogo atajisikia nyumbani humo. Anayetaka seva halisi, yenye Jellyfin (programu ya kusambaza filamu ndani ya nyumba) ya kuwahudumia watu kadhaa, hifadhi ya picha na nakala rudufu, ni bora aweke Debian au Ubuntu ya kawaida kwenye N100, kisha amwachie kifaa kingine kazi ya kuonyesha.

Windows ilikuwa na enzi yake. Toleo la Media Center lilianza mwaka 2002 na watu waliipenda, lakini Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 Media Center haikuwemo tena, na msaada wa kawaida wa Windows 10 yenyewe ulifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025. Leo Windows sebuleni ina hoja moja nzito, nayo ni kwamba inafungua kila kitu, pamoja na michezo ya kompyuta. Dhidi ya hoja hiyo simama na rimoti mkononi saa tatu usiku, filamu imefika penyewe, kisha katikati ya skrini kijitokeze kidirisha kinachotaka ruhusa ya kuwasha upya, chenye vitufe ambavyo rimoti yako haiwezi kuvifikia. Hicho ndicho kipimo changu cha mfumo endeshi wa sebuleni, na Windows hukishindwa mara kwa mara.

Mambo ambayo karatasi ya sifa huyaficha

La kwanza ni mwendo wa picha. Filamu nyingi hupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde, na runinga kwa kawaida huonyesha mara 60. Kwa kuwa 24 haiingii kwenye 60 bila baki, kifaa hulazimika kuionyesha fremu moja mara mbili, inayofuata mara tatu, kisha mbili, kisha tatu. Tafuta onyesho ambalo kamera inageuka polepole mbele ya jengo lenye nguzo: nguzo hazitelezi, zinasogea kwa vijihatua vya kusitasita. Dawa yake ni kifaa kuibadilisha kasi ya runinga iwe sawa na ya filamu. Kodi ina mpangilio wa kufanya hivyo, ingawa hauji ukiwa umewashwa. Apple TV inao tangu mwaka 2017. Kwenye Android TV jambo hili hutegemea kila programu, na nyingi hazijishughulishi. Wapo wanaodai usahihi zaidi, kwa sababu filamu nyingi kwa hakika ni fremu 23.976, na kifaa kinachotoa 24 kamili hulazimika kurudia fremu moja kila baada ya sekunde 42 hivi. Ukishaiona mara moja hutaacha kuiona, kwa hiyo labda ni heri usiitafute.

La pili ni njia ya data. Diski ya 4K inaweza kufikia megabiti 128 kwa sekunde katika sehemu nzito, na maboksi mengi, pamoja na runinga nyingi, yana tundu la mtandao la megabiti 100 tu. Filamu itacheza vizuri kwa saa nzima, kisha itakwama kwenye onyesho la mvua au vumbi, ambamo kila fremu ni tofauti na iliyotangulia. Kwenye kifaa cha namna hiyo, Wi-Fi nzuri inaweza kuishinda kebo, jambo ambalo linakwenda kinyume na tulichofundishwa sote. Kwa anayetumia diski ya USB badala ya mtandao, asiiumbize kwa mfumo wa faili wa FAT32, maana haikubali faili inayofika GB 4; exFAT au, kwenye mifumo ya Linux, ext4 inafaa zaidi.

La tatu ni umeme wa kifaa chenyewe, na hapa ninasema kwa kuwa nimeumwa na nyoka huyo. Pi 4 yangu niliiwasha kwa chaja ya simu iliyokuwa karibu, nikachomeka diski ndogo ya USB, na kwa wiki mbili filamu zikawa zinakatika. Diski ilikuwa ikitoa mlio, tik, tik, kisha kimya, kisha Kodi inasema faili haipo. Niliilaumu diski, nikanunua nyingine, na ile nyingine nayo ikaanza tik, tik. Muda wote huo alama ndogo ya radi ya njano ilikuwa ikijitokeza pembeni ya skrini na kupotea, nami nikidhani ni pambo la menyu. Ndiyo alama ya Pi ya kulalamika kwamba volti zimeshuka. Nilipoiwekea adapta yake ya volti 5.1 na ampea 3, diski zote mbili zilipona. Pi 5 ni mkali zaidi katika hili: inataka adapta ya ampea 5, na ikipewa ya ampea 3 hupunguza umeme wa matundu yote ya USB kwa pamoja hadi miliampea 600, ambazo hazitoshi diski nyingi za kuzunguka.

La nne ni sauti, kwa wenye amplifaya. Ukiunganisha boksi kwenye runinga, kisha runinga kwenye amplifaya kwa ARC ya kawaida (njia ya kurudisha sauti kupitia kebo ya HDMI), TrueHD na DTS-HD hazipiti, zinahitaji eARC, toleo lake lenye nafasi zaidi. Njia isiyo na maswali ni kuliunganisha boksi kwenye amplifaya kwanza, kisha amplifaya kwenye runinga. Kwa wenye spika za runinga peke yake, aya hii ipiteni.

Ningemshauri nani achukue nini

Kwa nyumba inayotazama huduma za kulipia na mara chache faili moja au mbili, ningechagua Apple TV 4K yenye tundu la mtandao, au kifaa cha Google TV kilichoidhinishwa kama bajeti ni ndogo, na nisingejenga chochote kwa mikono. Kabla ya hapo ningeijaribu runinga yenyewe: ikiwa ni ya miaka ya karibuni na programu zake hazijazeeka, huenda tayari ina kila kinachohitajika, na boksi likawa ni kebo moja zaidi ya kufuta vumbi.

Kwa mwenye faili zake asiye na huduma za kulipia, Pi 4 yenye LibreELEC inatosha karibu kila mahali, hasa kama faili zake ni za H.264 na HEVC. Anayepakua video nyingi za AV1, au anayetaka kifaa hichohicho kiwe seva, achukue N100 na ajipange mapema kuhusu rimoti. Anayehitaji Dolby Vision kutoka kwenye faili atafute boksi la Amlogic ambalo watumiaji wa CoreELEC wamekwisha lithibitisha kwa jina lake kamili, si kwa jina la chipu tu, kwa sababu maboksi mawili yenye chipu zinazofanana yanaweza kutofautiana katika leseni.

Na kwa mwenye vyote viwili, ambaye ndiye mtu wa kawaida kuliko wengine wote, nadhani kosa kubwa ni kutafuta boksi moja la kufanya kila kitu. Shield TV Pro ndiyo inayokaribia, na bado ina upungufu wa AV1. Vifaa viwili vya bei ya chini, kimoja cha huduma na kimoja cha faili, kila kimoja kwenye tundu lake la HDMI na vyote vikitii rimoti moja kupitia CEC, huleta malalamiko machache kuliko kifaa kimoja ghali kilichosongwa na programu.

Chochote utakachochagua, usilitupe kasha lake kwa siku za mwanzo ambazo bado unaruhusiwa kukirudisha. Andaa faili tatu: moja ya HEVC ya biti 10 yenye HDR na data nyingi, moja yenye onyesho la kamera inayogeuka polepole, na moja yenye manukuu ya picha, yale yanayotoka kwenye diski za Blu-ray, kwa sababu baadhi ya programu huyaonyesha vizuri na nyingine huilazimisha seva kuibadilisha video nzima ili tu kuyachora. Zicheze zote kwa mtandao utakaoutumia kila siku, si kwa diski uliyochomeka kwa muda. Kisha kizime kifaa, subiri hadi kesho yake, ukiwashe kwa rimoti bila kuinuka, na umpe rimoti hiyo mtu wa nyumbani ambaye hakukusaidia kukifunga.